Rinda kwenye Barabara ya Hombolo

Siku Natwarlal mwenye duka aliposhusha makasha tisa ya mashati yaliyoshonwa tayari, Hamidi alikuwa kwenye baraza ya duka hilo akishona mfuko wa kaptura ya karani wa reli. Ilikuwa saa nne asubuhi. Makasha manane yalipangwa ukutani na kwenye ngazi. La tisa lilikosa pa kukaa isipokuwa mahali palipokuwa na cherehani. Natwarlal alilitazama kasha, akamtazama Hamidi, akajikuna shingo.

"Maliza mfuko huo kwanza, Fundi," alisema. "Sina haraka."

Hamidi aliumaliza. Alikata uzi kwa meno, akaikunja kaptura, akaifunga ndani ya gazeti pamoja na vipande vya khaki vilivyobaki, maana hakuwa fundi wa kuficha vipande vya watu. Kisha akainuka ili kasha likae.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na kwenye baraza ile alikuwa amekaa miaka kumi na tisa. Babu yake alifika Dodoma na misafara ya pembe, akaugua homa, akabaki. Baba yake alishona kanzu. Yeye alishona chochote kilicholetwa: kaptura, makoti, magunia, na mara moja turubai la hema la Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya.

Mchana huo aliipakia cherehani kwenye mkokoteni akaisukuma kuelekea nyumbani. Mtaani Majengo alisimama kupisha malori. Mwaka ule bwawa lilikuwa linajengwa Hombolo, na malori ya saruji yalipita mjini kutwa nzima. Hamidi aliwatazama madereva. Hakuvutiwa na miwani yao wala na namna watoto walivyowakimbilia. Kilichomvutia ni kwamba dereva, kama fundi, hufanya kazi akiwa amekaa, mguu unakanyaga na mikono inaongoza.

"Mama Mgeni," alimwambia mkewe Stara jioni, "nataka kuwa dereva wa lori."

Stara alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. "Lori la nani?"

"La yeyote."

"Na macho? Juzi uzi nimekutungia mimi."

"Barabara ni pana kuliko tundu la sindano."

Stara alitupa kijiwe nje. "Haya. Lakini tafuta shule. Usije ukaniletea lori ukajifundishia uani kwangu, kuku wangu bado wadogo."

Hamidi alitandika kipande cha kitambaa cheusi na kuziandika shule kwa chaki, kama alivyokuwa akiandika vipimo vya wateja. Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kozi ya serikali, nayo haikuwa na ada. Ilitaka kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano, aliyemaliza darasa la sita, mwenye barua ya jumbe wake. Ya pili ilikuwa ya Mwarabu mmoja wa Majengo. Lori lake halikuwa na injini; wanafunzi walilisukuma kwa zamu na mmoja akakaa kwenye usukani. Ada yake ilikuwa ndogo, ila waliohitimu walikuwa hodari wa kusukuma zaidi. Ya tatu ilikuwa ya Bwana Kamrudin. Ilikuwa na lori zima, lenye injini, na mwalimu. Ada ilikuwa shilingi mia tatu, shilingi moja kwa kila maili, na zilitolewa zote siku ya kwanza.

Alifuta ya kwanza, akafuta ya pili.

Natwarlal aliinunua cherehani kwa mia mbili na hamsini, akaipandisha rafuni katikati ya taa za chemli. Hamsini zilizopungua zilitoka mikononi mwa Stara. Zilikuwa bangili mbili za fedha alizovaa siku ya ndoa, na ilibidi azipake sabuni ndipo zitoke.

"Usizihesabu kwamba umenikopa," alisema akifuta povu. "Hesabu kwamba na mimi nimesoma."

Kamrudin alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alizipokea fedha, akaandika risiti, akamweleza Hamidi utaratibu. Mwanafunzi anaendesha maili mia tatu kwa mita, bila kupungua hata moja. Akizimaliza, Kamrudin anatia sahihi barua. Inspekta wa magari huja Dodoma kila baada ya miezi mitatu, naye hamtahini mtu asiye na barua. Masomo yalikuwa njia ya Hombolo, kwenda na kurudi, na lori lilibeba saruji, kwa sababu lori tupu halimfundishi mtu kitu. Kupakia na kushusha kulikuwa sehemu ya somo.

"Na saruji ni ya nani?" aliuliza Hamidi.

"Nina kandarasi ya kuipeleka bwawani," alisema Kamrudin. "Kwa hiyo huna haja ya kuhangaika kutafuta mzigo."

Hamidi aliona ni jambo la busara. Kamrudin akafungua kioo cha mita kwa bisibisi na kuzirudisha tarakimu kwenye sifuri.

Mwalimu aliitwa Mustapha. Alikaa upande wa kushoto na hakushika usukani hata siku moja. Leseni ya Kamrudin ilikuwa kwenye fremu ya picha, imetundikwa kwa msumari ndani ya kibanda cha dereva, na hiyo ndiyo iliyomsindikiza mwanafunzi kama sheria ilivyotaka.

Siku ya kwanza lori liliruka kama mbuzi. Hamidi alikuwa anakanyaga pedeli ya mafuta kwa kisigino na vidole, kisigino na vidole, kama alivyoikanyaga cherehani miaka yote.

"Fundi," alisema Mustapha akijishika kofia, "bonyeza mara moja, uache mguu hapo."

"Nimebonyeza."

"Unapiga ngoma."

Hamidi alijaribu kuutuliza mguu, lakini mguu ulikuwa na mazoea yake. Siku ya tatu alipata mwendo. Lori lilitulia, likaanza kuguruma kwa sauti ndogo ya kukatika-katika, nao wakafika jiwe la maili ya kumi bila mfuko hata mmoja kuanguka. Mustapha aligeuka kutazama mzigo. Alitazama muda kidogo.

"Unashona," alisema.

Hamidi aliangalia kwenye kioo. Nyuma yao, katikati ya nyayo za matairi, mshono ulikuwa umeshika barabara, hatua fupi zilizolingana.

"Umelegea upande wa kushoto," alisema Hamidi.

"Ni tairi hilo. Halina upepo."

Walisimama wakalitia upepo, wakaendelea.

Barabara ile ilikuwa na maili ishirini na tano. Mwezi wa kwanza ulipokwisha, ardhi ya katikati ilikuwa imeanza kujikunja, kama kitambaa kinavyokusanyika uzi unapovutwa. Mwezi wa nne, jiwe la sita na jiwe la ishirini yalikuwa yamesimama bega kwa bega, na baina yao palikuwa na ufa mwembamba tu ambapo rinda liliingia chini. Lori lilipita juu yake kwa mtikisiko mdogo. Wanawake wa Hombolo waliteleka chungu, wakaenda sokoni Majengo kununua chumvi, wakarudi kabla maji hayajachemka. Bei ya maziwa ilishuka mjini. Mzungu wa barabara alikuja na mnyororo wake wa kupimia, akapata maili kumi na moja, akapima tena, akapata zilezile. Aliichora upya ramani na kuipeleka ikapigwe chapa. Vibarua waliokuwa wakifyeka maili kumi na nne zilizobaki ndani waliambiwa wasije Jumatatu.

Kamrudin alifurahi, maana petroli ilipungua zaidi ya nusu na saruji ilifika mara mbili kwa siku. Tatizo lilikuwa kwa Hamidi peke yake. Kila barabara ilivyofupika ndivyo maili zake zilivyochelewa, kwa kuwa magurudumu yaliruka ardhi kwa kila hatua ya mshono, na mita ilihesabu iliyokanyagwa tu. Asubuhi alipakia mifuko, akaishusha, akarudi, akapakia tena, na jioni mita ilikuwa imesogea kidogo mno. Ilimchukua miezi saba kufika maili mia mbili na themanini. Kwa miezi hiyo saba Stara aliuza vitumbua asubuhi na kusuka ukili mchana.

"Wewe ulimaliza kwa muda gani?" Hamidi alimwuliza Mustapha siku moja walipokuwa wanakung'uta saruji kwenye nywele.

"Mimi sijamaliza. Zimenibakia maili mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za mfalme aliyepita. Lori lile lilikufa nikiwa na mia mbili tisini na nane. Likaja hili. Maili za lori moja hazihamii lori jingine. Bwana Kamrudin akanipa ualimu nisikae bure."

"Anakulipa?"

"Ananihesabia kama mwanafunzi. Lakini sitozwi tena ada," alisema Mustapha, naye alilisema kwa shukrani.

Alhamisi moja mita ilisoma mia mbili tisini na moja. Inspekta alitarajiwa Jumatatu. Maili tisa zilizobaki zingekwisha kabla ya hapo, kwa safari za Ijumaa mpaka Jumapili. Hamidi alirudi nyumbani mapema, akaoga, akakaa nje kwenye mkeka. Saa kumi alikuja mtu mrefu aliyejifunga lubega, akaegemeza fimbo yake ukutani.

"Mbukwa," alisalimia kwa Kigogo, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha mnadani. "Mimi naitwa Matonya. Nakaa pale jiwe la kumi na moja."

"Jiwe la kumi na moja liko ndani ya rinda," alisema Hamidi.

"Ndiyo. Ndiko nimetoka. Nimetoka ubavuubavu."

Stara alimletea maji kwenye kata. Matonya alikunywa, akarudisha kata kwa mikono miwili.

"Kubaya huko?" aliuliza Stara.

"Si kubaya sana, mama. Jua tunalipata saa sita kamili, linachungulia, linaondoka. Mtama umeota mweupe kama ndevu. Ng'ombe wamejifunza kusimama upandeupande. Ni mama yangu tu. Ana umri, na giza linamwumiza macho. Halafu kaburi la baba tumelikunja juu ya zizi, hatujui tukanyage wapi."

"Na kodi je?" aliuliza Hamidi, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Karani wa kodi anatufikia. Anapenyeza mkono kwenye mshono. Huyo hajakosa hata mwezi."

"Mbona hukuja mapema, ndugu yangu?"

"Tulidhani ni mambo ya serikali. Kinachokuja na barabara huwa cha serikali. Juzi mwalimu wako aliteremka kuomba maji pale ufani, ndiye aliyetuambia ni fundi." Matonya alitazama mikono ya Hamidi. "Sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kuuliza tu kama kitambaa chetu mna kazi nacho."

Hamidi alimwuliza nyumba yake ilikuwa na vyumba vingapi na mlango ulitazama wapi, kama mtu anayepima. Kisha akamwambia aende, na kwamba ataona.

Jua lilishuka. Stara alipakua ugali na mlenda, akauweka mbele yake, ukapoa.

"Lori likirudi nyuma, mita inarudi?" aliuliza Stara.

"Inarudi."

"Mpaka wapi?"

"Sijui. Mishono ni mingi. Nimepita pale kila siku."

"Na inspekta ni Jumatatu."

"Jumatatu. Baada ya hapo miezi mitatu."

Stara alisugua viganja vyake vilivyochubuliwa na ukili. "Katika miaka yote ile barazani, ulibaki na kipande cha nani?"

"Cha mtu hata mmoja."

"Basi unaniuliza nini?"

"Sijakuuliza kitu, Mama Mgeni."

"Umeniuliza. Umekaa hapo tangu alasiri hujala." Alivuta sahani, akaifunika. "Vitumbua vinauzika. Miezi mitatu si mingi."

Asubuhi ya Ijumaa Hamidi alikwenda kwa Kamrudin, maana lori halikuwa lake. Kamrudin alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Huyo Matonya ana hati ya ardhi?" aliuliza.

"Hana."

"Basi ndani ya rinda hamna kitu, Fundi. Ramani mpya nimeiona. Ni nzuri sana." Alichukua kalamu sikioni, akaitazama ncha yake. "Lakini mimi si mtu mbaya. Umelipia mpaka mia tatu, na umebakiwa na maili tisa, lori ni lako hadi Jumatatu asubuhi. Ukienda mbele, ukienda nyuma, hiyo ni hiari yako. Mimi nasoma mita. Petroli utatia mwenyewe."

Matonya aliuza dume moja la ng'ombe, ambalo lilitolewa ufani kwa shida, likiwa limebanana kama kitabu. Fedha yake ilitosha madebe sita ya petroli.

Walianza baada ya sala ya Ijumaa. Hamidi aligeuza kichwa, akaweka kidevu begani, akatia gia ya nyuma. Mustapha alikaa juu ya bodi, miguu ikining'inia, akikunja uzi kwenye kibao kadiri ulivyotoka. Ardhi ilifunguka kwa sauti ya khaki inayochanwa. Kwanza vilitoka vichaka vya miiba, vimelala upande mmoja. Vikafuata vichuguu, kisha korongo, kisha zizi. Kila mshono uliofumuliwa ulionyesha mwingine chini yake, kwa kuwa Hamidi alikuwa fundi mzuri na hakupita mahali pamoja mara mbili. Alipomaliza mmoja alizunguka, akaanza mwingine. Jua lilipozama walilala palepale, na Jumamosi alfajiri waliendelea.

Alipokuwa akishona, magurudumu yalikuwa yameruka ardhi iliyokunjwa. Sasa, akifumua, yalilazimika kuikanyaga yote. Mita ilirudi kwenye mia mbili, kwenye mia na hamsini, na Jumamosi jioni ikasoma sabini. Shingo ya Hamidi ilikuwa ngumu kama ubao. Stara alifika kwa miguu na mwanawe Mgeni, wakaleta vitumbua na mafuta ya nazi. Alimkanda shingo, akatazama mita. Kisha akaenda kuitazama nchi iliyokuwa imetoka.

Jumapili saa tano ilitoka nyumba ya Matonya. Ilikuwa tembe ndefu yenye paa la udongo, na mlango wake ulitazama magharibi. Mama yake alitoka ameshika ukuta, mkono mmoja juu ya macho. Aliuliza ni mwezi gani. Alipoambiwa, alisema basi palizi imempita, akaomba ageuzwe, mgongo ulielekee jua, kwa sababu uso ulikuwa haujazoea.

"Huyu ndiye aliyetushona?" aliuliza.

"Ndiye anayetufumua," alisema Matonya.

"Mishono yake ni midogo," alisema yule bibi. "Ilitubana, lakini vumbi halikuingia."

Saa nane Mustapha alichungulia ndani kwenye kioo cha nyuma, akakigonga. "Mita imepita sifuri."

"Inasemaje?"

"Tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa."

"Imebaki mishono mingapi?"

"Mmoja. Lakini mrefu."

Waliufumua nao, ukawafikisha mjini. Ulipokwisha, jiwe la sita na jiwe la ishirini yalikuwa mbali hata hayaonani, na mita ilisoma tisini na tisa elfu, mia tisa themanini na sita. Kwa hiyo ilijulikana kwamba Hamidi alikuwa ameshaendesha zaidi ya maili mia tatu. Ila ilijulikana kwa kurudi nyuma, na mita haikuwa na namna ya kulisema hilo. Ardhi ilibaki na vitundu vya sindano, safu kwa safu. Mvua iliponyesha vilijaa maji, na mbuzi walipata pa kunywea. Vibarua hawakurudishwa kazini, kwa sababu kwenye ramani, ambayo ilikuwa imeshapigwa chapa, maili zile hazikuwepo.

Jumatatu inspekta alifika saa tatu. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye soksi nyeupe, na alikuwa na haraka ya treni. Hamidi alikuwa ameamua kutokwenda, lakini Stara alimpigia pasi shati na kumwambia angalau akaone mtihani unafananaje. Alisimama nyuma kabisa, karibu na ua. Inspekta alizunguka lori, akapiga matairi kwa kiatu, akachungulia mita. Alichungulia tena.

"Nani naendesha hii?" aliuliza.

"Mimi, Bwana," alisema Hamidi.

"Yote hii?"

"Yote ni mimi."

"Wewe nashinda mimi," alisema inspekta. Hakuona sababu ya kumtahini mtu wa namna hiyo. Aliandika leseni juu ya boneti, akaigonga mhuri, akampa mkononi.

Hamidi aliishika kwa muda ambao mtu anaweza kusoma jina lake mara mbili. Lilikuwa limeandikwa sawasawa. Kisha Kamrudin akaja, akaisoma mita, akapiga hesabu kiganjani.

"Hongera, Fundi," alisema, na alimaanisha. "Sasa tazama hapa. Ulilipia mia tatu. Umetumia tisini na tisa elfu, mia tisa themanini na sita. Umezidisha tisini na tisa elfu, mia sita themanini na sita."

"Nilikuwa narudi nyuma, Bwana Kamrudin."

"Mita haijui nyuma. Si nilikwambia nasoma mita?" Alimtazama kwa huruma. "Usihangaike na fedha, najua huna. Utazilipa barabarani. Kila maili ya saruji utakayoendesha, nafuta moja."

"Na mshahara?"

"Mshahara wa nini? Si maili zako mwenyewe?"

Makubaliano yaliandikwa palepale, na inspekta alitia sahihi kuwa shahidi, kwa kuwa alikuwa bado ameshika kalamu. Leseni ya Hamidi iliingizwa kwenye fremu, juu ya ile ya Kamrudin, ikatundikwa tena kwenye msumari. Ingekaa humo mpaka maili zilizozidi ziishe.

Stara alikuwa mlangoni aliporudi.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Kweli?" Alishika mkono wake. "Leseni iko wapi?"

"Ndani ya lori."

"Na mshahara unaanza lini?"

Hamidi alimweleza. Stara alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye kizingiti. Aliuliza ni vitumbua vingapi vinavyofika elfu tisini na tisa, wakajaribu kupiga hesabu wote wawili, wakaiacha.

Jumanne asubuhi alipakia saruji, mifuko themanini, peke yake, maana sasa hakuwa mwanafunzi wa kusaidiwa. Mustapha alikaa upande wa kushoto kama kawaida. Barabara ilikuwa ndefu, imekunjamana kidogo, na mguu wa Hamidi ulilala tuli juu ya pedeli. Kwenye jiwe la kumi na moja mama yake Matonya alikuwa amekaa nje, uso sasa umelielekea jua. Hamidi alipiga honi. Bibi aliinua mkono, ingawa hakutazama ni nani.

Walipofika jiwe la kumi na nne, tarakimu zote za mita zilizunguka pamoja, zikasimama kwenye sifuri.

Mustapha aliinama kuhakikisha. "Sasa hujaanza," alisema.

"Akiiona atasemaje?"

"Atasema wewe ni mwanafunzi mpya na hujalipa ada."

"Na zile tisini na tisa elfu?"

"Zile ameshaziandika."

Hamidi alishusha gia, kwa sababu mbele palikuwa na mlima mdogo na mzigo ulikuwa mzito. Saruji ilikuwa inasubiriwa Hombolo kabla ya saa sita.